Kuukua Aliyesimamisha Shindano

Kuukua Dadzie hakuipenda shule ya Nsuakyir tangu siku ya kwanza, na shule nayo haikumbembeleza. Alikuwa ameomba kwenda Cape Coast, kwenye zile shule ambazo ukizitaja tu watu wanageuka kukutazama. Matokeo yalipotoka, kompyuta ya wizara ikamtupa huko bara, kwenye mashamba ya kakao, shule ambayo hata madereva wa njia ya Assin walikuwa wakiulizana, "Hiyo nayo iko wapi?" Mama yake, mkausha samaki wa Moree, alilia, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, kisha akamfungia sanduku la mbao la chakula kama wanavyofungiwa wengine: unga wa muhogo uliokaangwa, sukari, karanga, na chupa ya shito, ile pilipili nyeusi ya samaki. "Nenda ukasome," alimwambia. "Jina la shule haliandikwi usoni."

Muhula ule wa kwanza Kuukua alikaa kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Alikuwa msichana wa sauti ndogo, mrefu kuliko wenzake, na alikuwa na tabia ya kutazama chini anaposemeshwa. Darasani ilikuwa afadhali, maana darasani mtu anaweza kujificha nyuma ya daftari. Balaa lilikuwa Jumatano mchana. Jumatano hakukuwa na masomo baada ya chakula. Kengele ikigongwa, kila mwanafunzi lazima awe ndani ya klabu yake, na prifekti akikukuta unazurura anakukabidhi fyekeo, unakwenda kukata majani nyuma ya vyoo hadi jua lizame.

Alijaribu makadeti. Sajini wao, mvulana wa kidato cha tatu mwenye shingo fupi, alitoa amri kwa ukali mpaka sauti ikamkatika katikati ya "mguu pande," na Kuukua akacheka. Akafukuzwa gwarideni palepale. Alijaribu mdahalo. Aliposimama kusema, msichana mmoja wa mstari wa mbele akamdakia, "Dada, unaongea na sisi au na viatu vyako?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, naye akakaa chini kabla hajamaliza hata kumsalimu mwenyekiti. Kwaya ilikuwa imejaa wasichana mpaka mlangoni. Jumatano ya nne au ya tano akajikuta anapita nyuma ya maabara akimkwepa prifekti, akasikia watu wanacheka ndani ya stoo, akasukuma mlango.

Ndani kulikuwa na mwalimu mmoja na wavulana wawili, wameketi juu ya masanduku ya vifaa vilivyovunjika. Mwalimu alikuwa Baidoo wa fizikia. Shule nzima ilimwita Asante-kwa-Kushiriki, kwa sababu kila mwaka aliipeleka klabu yake ya chemsha bongo kwenye mashindano ya mkoa, na kila mwaka ilirudi na cheti kimoja chenye maneno hayohayo. Mmoja wa wavulana, mwembamba, mwenye sweta joto lote lile na chupa kubwa ya maji mapajani, alimtazama Kuukua akasema, "Wewe, mzizi wa mia moja na sitini na tisa?"

"Kumi na tatu," Kuukua alijibu bila kufikiri.

"Sa, mpe sanduku akae," mvulana akamwambia mwalimu, kwa lile "sa" ambalo wanafunzi wote waliwaitia walimu wao. "Huyu hatoki tena."

Mvulana yule alikuwa Ebo Quansah wa Mankessim. Alikuwa msemaji, mcheshi, mtu wa kuanza kucheka kabla utani wake haujaisha. Macho yake yalikuwa na umanjano. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, na hakuficha; alilitaja hilo kama mtu anavyotaja kijiji anachotoka. Mifupa ilipomshika alikuwa anapotea kwenye zahanati ya shule, kisha anarudi amekonda zaidi, na utani ukiwa uleule. Mwenzake, Fiifi Mbroh, alijua mambo mengi kuliko Ebo na Kuukua wote wawili, ila mbele ya watu alitetemeka mpaka meno yakagongana.

Kuukua hakutoka tena, kama Ebo alivyosema. Katika ile stoo sauti ndogo haikuwa aibu. Ilitosha kujibu haraka, na yeye alikuwa mwepesi ajabu. Mwalimu Baidoo alisoma swali, na kabla hajafika kwenye nukta Kuukua ameshapiga meza. Mara nyingi alikosea kwa pupa. Ebo alimtuliza. "Chale, rafiki yangu, ngoja swali limalize kuvaa nguo," alikuwa akimwambia. Wakazoeana. Jumamosi walikaa kwenye ngazi za maabara, wakiloweka ule unga wa muhogo kwa maji, sukari na karanga kwenye bakuli moja, wakiulizana jedwali la elementi huku wakigombea karanga za chini. Watu wakavumisha kwamba ni wapenzi. Hawakuwa wapenzi. Kilichokuwapo Kuukua hakujua kukiita jina. Alijua tu kwamba Ebo akiwa zahanati siku hiyo haina ladha.

Siku moja alimuuliza kwa nini asichukue klabu nyepesi, ya upishi kwa mfano, apumzike.

Ebo hakucheka safari hiyo. "Mpira siwezi. Makadeti siwezi. Kwenye mbio za mabweni ninapewa kazi ya kushika maji. Hapa tu ndipo wananihesabu kama mtu mzima. Usiniambie tena nipumzike."

Walipoingia kidato cha tatu, mkuu wa shule, Madam Ennin, aliikusanya shule nzima ukumbini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa. Matokeo ya mtihani wa mwisho yalikuwa yameporomoka, wazazi wanalalamika, na afisa elimu alikuwa ameuliza watoto wanafanya nini Jumatano mchana badala ya kusoma. Akatangaza kwamba klabu zisizoleta chochote zitafungwa. Makadeti walikuwa wamepiga gwaride mbele ya mkuu wa wilaya, hao wako salama. Kwaya inaimba kwenye mazishi ya watu wakubwa, nayo iko salama. Alipofika kwa klabu ya chemsha bongo alivua miwani.

"Mwalimu Baidoo, nileteeni kitu cha kuwaonyesha wazazi. Mkivuka mkoa mwaka huu, mkaingia mashindano ya taifa yanayoonyeshwa kwenye televisheni, chumba ni chenu. Msipovuka, makadeti wanahitaji mahali pa kuweka ngoma zao."

Watu wakacheka. Kuukua alimtazama Baidoo, akamwona amesimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesomewa makosa.

Tangu siku hiyo hawakuwa na mchezo. Walisoma kabla ya gwaride la asubuhi, wakasoma wakati wenzao wanafua, wakabaki shuleni likizo nzima wakila uji wa mtama na maandazi ya kunde ya mama mmoja aliyeuza getini. Baidoo alitengeneza kengele mbili kwa betri na waya za redio mbovu. Aliwafundisha mpaka sauti ikakauka. Mkewe, aliyeishi Swedru, alikuja mara moja kumtafuta, akamkuta stoo na chaki masikioni, akaondoka bila kukaa. Ilikuwa kama watu wanne wanaochota maji ndani ya mtumbwi unaovuja: hakuna aliyethubutu kunyanyua kichwa kuangalia ufuko uko wapi.

Wiki ile ya mashindano, jioni moja, Kuukua alimkuta Ebo nyuma ya matangi ya maji. Alikuwa ameegemea ukuta, kaung'ata mkono wa sweta, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Ebo! Mifupa?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Nakwenda kumwita nesi."

Akamshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto. "Usimwite. Nesi akinilaza, Fiifi ndiye atakayepanda jukwaani, na Fiifi akipanda tumekwisha. Unajua hivyo. Sema hujui."

Kuukua alijua.

"Nina dawa zangu," Ebo akasema. "Nikinywa maji, ikipita kesho, imepita. Ukimwambia mtu, Kuukua, umeniua kuliko ugonjwa."

Na Kuukua akanyamaza. Aliwaambia hilo baadaye watu wachache sana, na kila mara alilisema hivyohivyo, bila kujitetea: alinyamaza kwa sababu Ebo alimwomba, na alinyamaza kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kushinda. Hakuweza kuzitenganisha sababu hizo mbili.

Siku ya mashindano walikwenda Cape Coast na basi la shule. Nyuma wanafunzi wa kushangilia walipiga makopo na kuimba nyimbo za jama, zile za kutia timu moyo, mpaka madirisha yakatikisika. Hata makadeti walikuja na ngoma zao. Watu waliowacheka mwaka mzima sasa walikuwa wanaimba majina yao. "Ebo eee! Kuukua eee!" Ebo alikaa kiti cha mbele, paji la uso limegusa kioo. Alikataa mkate na yai. Alisema hawezi kula akiwa na wasiwasi, na Baidoo, ambaye naye alikuwa hajala, akaona ni sawa.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko wote ambao Kuukua alikuwa amewahi kuingia. Shule tatu, meza tatu, wawili wawili kila meza, na washiriki wa akiba wameketi chini na walimu wao. Mpinzani wao mmoja alikuwa shule ya wavulana yenye majoho na wimbo wake wenyewe. Mwingine shule ya masista. Walipotajwa Nsuakyir, mtu mmoja kule juu aliuliza kwa sauti, "Hiyo nayo iko wapi?" na watu wakacheka.

Baada ya raundi ya kwanza hakucheka mtu.

Kuukua alikuwa moto. Kila alichokijua kilikuja mbio kwenye ulimi, na pale alipotaka kuharakisha Ebo alimgusa kiwiko, naye akasubiri. Ebo alijibu kwa sauti ya chini, maneno machache, na hakukosea. Raundi ya pili walikuwa sawa na wale wa majoho. Raundi ya tatu wakawapita kwa pointi tisa. Kule nyuma watu wa Nsuakyir walikuwa wamevua mashati wanayazungusha, na Madam Ennin, mwanamke mzima wa kanisa, alikuwa amesimama juu ya kiti.

Kukawa na mapumziko mafupi kabla ya raundi ya mwisho, ya mafumbo. Kuukua akageuka kumwambia Ebo neno la furaha, akaona midomo yake. Ilikuwa na rangi ya jivu. Alikuwa anavuta pumzi fupifupi, juujuu, kama mtu anayeogopa kuigusa pumzi yake mwenyewe.

Akashuka jukwaani moja kwa moja kwa mwalimu. "Sa, Ebo anaumwa. Kifua. Mweke Fiifi."

Baidoo alimtazama, kisha akautazama ubao wa pointi, kisha akamtazama Fiifi. Kuukua aliyaona macho ya mwalimu yanavyokwenda, huku na huku, kama mtu aliyefungiwa. Miaka yote ile. Vyeti vyote vile.

Baidoo akasogea hadi ukingo wa jukwaa. "Ebo. Unaweza?"

"Naweza, sa."

"Una uhakika?"

"Sa, mafumbo manne tu."

Baidoo akamgeukia Kuukua, lakini hakumtazama usoni. "Umemsikia mwenyewe. Panda, watu wanasubiri."

"Sa, tafadhali…"

"Panda, Kuukua!"

Akapanda. Fumbo la kwanza likasomwa na mwendeshaji wa shindano, mama mwenye sauti tamu na kilemba cha buluu. "Mimi ni gesi. Sina rangi wala harufu. Anayenivuta hajui kama amenivuta. Ndani ya damu nakalia kiti cha mwingine, na nikikaa sinyanyuki…" Ebo akabonyeza. Ilibidi ajaribu mara mbili kuitoa sauti. "Kaboni monoksaidi." Ukumbi ukalipuka. Ngoma za makadeti zikanguruma. Fumbo la pili likachukuliwa na wale wa majoho, nao wakakaribia.

La tatu lilipoanza kusomwa, Ebo alinyoosha mkono kwenye kitufe na mkono ukapita pembeni. Akaunyoosha tena. Kuukua akasikia chini ya sauti ya mwendeshaji sauti nyingine, ya kukoroma, na akajua inatoka wapi. Akasimama.

"Nsuakyir, kaa tafadhali," mwendeshaji akasema. "Hairuhusiwi kusimama."

"Madam, mwenzangu hapumui."

"Mwongo!" Ebo akasema. "Ninapumua! Madam, endelea kusoma!"

Watu wakacheka. Walidhani ni wanafunzi wawili wanagombana. Kuukua, yule wa kuongea na viatu, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili na kupiga kelele ambayo hakujua kama anayo: "Anakufa! Simamisheni! Leteni daktari, anakufa!"

Hapo ndipo Ebo alipoteleza kutoka kwenye kiti.

Wahudumu wa huduma ya kwanza wakaja na machela. Mwendeshaji akashauriana na waamuzi. Fiifi hakuweza kuingia, kanuni ilikataza kubadilisha mtu katikati ya raundi. Lakini kanuni hiyohiyo ilimruhusu mmoja aliyebaki kuendelea peke yake. Mwendeshaji akainama kwake, kwa upole kabisa. "Binti, bado mnaongoza. Fumbo hili litasomwa upya, halafu limebaki moja. Unaweza kuendelea?"

Kule nyuma walikuwa wameanza kuimba jina lake, jina lake peke yake. Baidoo alikuwa ukingoni mwa jukwaa, mikono ameikutanisha kama mtu anayesali. Na Ebo, kwenye machela, barakoa ya oksijeni usoni, alikuwa anatikisa kidole kuelekea mezani: rudi, kaa.

Kuukua alishuka jukwaani akaifuata machela. Hakuamua, miguu ilimtoa. Aliwaza kitu kimoja tu, kwamba yeye ndiye aliyenyamaza, na kwamba Ebo akifa ndani ya gari la wagonjwa atakufa kati ya watu wasiojua hata jina lake. Nyuma yake ule wimbo ulivunjika, ukawa zomeo.

Walishindwa kwa pointi mbili.

Ebo hakufa. Mapafu yalikuwa yamejaa maji, wakamlaza hospitali, wakamwongezea damu, na nyonga yake ya kushoto, ambayo kumbe ilikuwa imeanza kuharibika zamani, ikaharibika kabisa. Mama yake akamchukua kumpeleka nyumbani. Hakurudi Nsuakyir.

Kuukua alirudi. Siku ya kwanza alipoingia bwalo la chakula, mtu akaita kwa sauti ya kike, "Nesi! Nesi, mgonjwa wako yuko wapi?" Jina likashika. Nesi bwaloni, Nesi bafuni, Nesi kwenye foleni ya maji. Wasichana wa chumba chake wakahamisha vitanda vyao, kidogokidogo, mpaka chake kikabaki peke yake chini ya dirisha. Mmoja, aliyekuwa akisukwa naye nywele kila Jumapili, alimwambia bila hasira, "Tungekuwa kwenye televisheni, Kuukua. Shule yetu hii. Maswali mawili tu." Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililouma. Alipenda watu wale wale waliomchukia. Alikuwa ametaka kile kile walichokitaka.

Stoo ikafunguliwa na ngoma za makadeti zikaingia. Akamtafuta Mwalimu Baidoo wiki nzima, lakini mwalimu alimkwepa. Mwishowe akamvizia nje ya maabara.

"Sa, wanasema nilimtoa Ebo kwa wivu. Wanasema nilimuuza. Waambie nilikuja kwako. Waambie nilikuomba umweke Fiifi."

Baidoo alikuwa amekonda. Alifunga mlango wa maabara, akaujaribu, akaufungua, akaufunga tena. "Nilikusikia siku ile," alisema. "Nilikusikia vizuri sana."

"Basi waambie, sa."

"Nikisema, Kuukua, mama yake Ebo atanipeleka mahakamani, na atakuwa na haki. Nina watoto."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mtoto," akasema. "Watoto wanasahauliwa haraka." Akaondoka akitembea karibu na ukuta. Muhula ulipoisha aliomba uhamisho, akaondoka bila kuaga, na Kuukua hakumwona tena maishani.

Kuanzia hapo akaanza kuzama. Aliacha kwenda bwaloni. Jumatano mchana, kengele ikigongwa, alichukua fyekeo mwenyewe bila kuamrishwa na kwenda kukata majani nyuma ya vyoo, kwa sababu kule hakuna aliyemfuata. Vitabu alivifungua na herufi hazikuingia. Nguo zikamlegea. Akaenda kwa matroni, akaomba simu.

"Mama, njoo unichukue."

"Nikuchukue nikupeleke wapi?" sauti ya mama yake ilisema, na nyuma yake moto wa kukaushia samaki ulikuwa unapasuka. "Mtihani si uko karibu?"

"Mama, nitakufa huku."

"Jumapili ninakuja. Kaa hapohapo. Usiende popote kabla sijaja, umenisikia? Popote."

Alikuja na kenkey, ule unga wa mahindi uliochachushwa na kupikwa ndani ya maganda, na samaki, akaketi na binti yake chini ya ukuta wa kanisa la shule, akasikiliza yote. Hakumkatiza. Mikono yake ilinuka moshi, na Kuukua alikuwa ameishika kama mtoto wa chekechea.

"Huyo kijana," mama akauliza mwishoni, "alikuwa anakufa?"

"Sijui, mama. Nilimwona hivyo."

"Na ungekaa pale, ungejibu?"

Kuukua akafikiri. "Nadhani la tatu nilikuwa nalijua."

Mama yake akashusha pumzi. Hakumwambia kwamba alifanya vyema, wala hakumwambia kwamba alikosea, pengine hakujua. Alimmenyea kenkey, akamlisha tonge kwa tonge kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wanafunzi wote waliokuwa wanapita, mpaka ikaisha. "Utakaa," akasema. "Wakikuita Nesi, itika. Mtu akiitika hawana la kuongeza." Akaja tena Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, akiacha samaki kwa jirani, mpaka mtihani ulipoisha. Ni hilo tu lililomvusha.

Baada ya mtihani Kuukua hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alishuka Mankessim, akauliza njia, akafika kwenye nyumba ya bati nyuma ya soko. Mama yake Ebo alikuwa anapepeta mahindi. Alipomtambua alisimama, akamkumbatia muda mrefu, akamletea maji, kisha akaita kuelekea chumbani, "Ebo! Mgeni wako, Kuukua."

Mlango ulikuwa na pazia tu. Chini ya pazia Kuukua aliona gongo limeegemezwa, na miguu miwili yenye soksi, moja imejipinda.

"Ebo," alisema. "Ni mimi."

"Nimesikia."

"Nimekuja kukuomba radhi. Ningemwambia nesi tangu siku ile ya matangi."

"Unaomba radhi ya hilo?" Sauti ilikuwa nzito, si ile ya utani. "Uliponishusha, sawa. Nilianguka, nisingeweza kurudi. Lakini nilikuonyesha kiti, Kuukua. Nilikuambia rudi ukae. Mafumbo mawili. Ungeyajibu umelala."

"Niliogopa utakufa peke yako."

"Kwani nilikuomba uje unitazame nikifa? Nilikuomba ushinde. Ni kitu kimoja tu nilichowahi kukuomba."

"Ulikuwa umeniomba ninyamaze pia," Kuukua alisema, na machozi yakamfika. "Ebo, nilinyamaza. Ona."

Pazia halikutikisika. Kuku waliparura uani. Ebo akasema, kwa uchovu tu, "Nenda nyumbani, Kuukua. Mama yako anakusubiri."

Alisubiri bado, amesimama pale kama mtu aliyepigiliwa, mpaka mama yake Ebo akaja kumshika bega na kumtoa nje. Alimsindikiza hadi barabarani. "Mimi ninakushukuru," yule mama alimwambia. "Kila siku. Lakini siwezi kumlazimisha naye akushukuru. Amelazimishwa vitu vingi mno." Akamwandikia namba yake ya simu kiganjani, kwa kalamu ya kuomba kwa muuza duka.

Kuukua alifaulu, si vizuri kama ilivyotarajiwa, lakini vya kutosha kuingia chuo cha ualimu. Leo anafundisha hesabu kwenye shule ya kati huko Sefwi, ameolewa, ana mtoto wa kiume. Kila anapopangiwa klabu ya kusimamia anaomba ile ya bustani, na mkuu wake ameacha kumuuliza sababu.

Kila Krismasi humpigia simu mama yake Ebo. Wanaulizana hali, bei ya mahindi, afya ya wazee. Ebo alimaliza shule kama mtahiniwa wa nje, akasoma, anafanya kazi kwenye ofisi ya bandari kule Takoradi, anatembelea gongo. Damu bado humsumbua. Kuna mwaka alilazwa muda mrefu mpaka wakakata tamaa, akatoka.

"Yuko salama sasa?" Kuukua huuliza.

"Yuko."

"Mwambie nimemsalimia."

"Nitamwambia, mwanangu."

Kama huwa anamwambia kweli, Kuukua hajui, na hajawahi kuuliza.